Kupaka Deraya Nyeusi kwenye Sanamu Ndogo: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Mmoja anauliza kwa nini askari wake, aliyempaka nyeusi kwa uangalifu mkubwa, akiwekwa mezani haonekani kifua wala bega, ila doa tupu lenye mikono. Mwingine ameambiwa kwamba nyeusi huokolewa kwa kijivu, akakiongeza kila mahali, na sasa anashangaa kwamba deraya yake si nyeusi tena. Wa tatu alimaliza kazi nzuri, akapuliza vanishi usiku wa mvua, na kulipokucha akakuta utando mweupe umefunika kila kitu. Mwongozo huu unawajibu wote watatu. Umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye sanamu ya askari wa mchezo wa mezani, yenye kimo cha takriban milimita 28 au 32, burashi mbili tatu, na rangi za akriliki zinazochanganywa na maji. Mwenye kompresa na bomba la kupulizia anaweza kuufuata vilevile, ingawa hakuna hatua inayodai vifaa hivyo.

Nadharia ni ndogo, na unaweza kuisoma barabarani. Tafuta gari jeusi lililooshwa, lililoegeshwa juani, ulitazame kwa dakika mbili. Sehemu kubwa ya bodi ni nyeusi kabisa, lakini pale bati linapokunjwa pana mstari mwembamba ulio karibu na weupe, na juu ya boneti pana kipande cha anga chenye mipaka mikali. Sasa tazama tairi la gari hilo hilo. Nalo ni jeusi, ila mwanga wake ni mpana, hafifu, na hauna mahali unapoanzia wala unapoishia. Deraya ya chuma hufuata bodi. Kitambaa na ngozi hufuata tairi. Kwa hiyo siri ya deraya nyeusi imo katika kuweka mwanga mkali mahali padogo, na kuacha pengine pote gizani. Mimi hujiwekea mpaka: kijivu kinachoonekana kikizidi robo ya bamba, nimeshaanza kupaka deraya ya kijivu.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Rangi tano zinatosha: nyeusi, kijivu kizito kinachokaribia nyeusi, kijivu cha kati, rangi ya mfupa au kijivu cheupe, na bluu nzito au kahawia nzito ya kuchanganyia. Katika mfululizo wa Model Color wa kampuni ya Vallejo ya Hispania, rangi hizo ni Black (70.950), German Grey (70.995) na Dark Sea Blue (70.898), pamoja na kijivu chochote cha kati na cheupe. Mwenye rangi za Citadel za Games Workshop ya Uingereza atumie Abaddon Black, Eshin Grey na Dawnstone. Rangi za akriliki za wanafunzi, zile za mirija zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu, zinafaa kwa udongo na mawe ya kitako. Chembe zake kwa kawaida ni kubwa mno kwa mistari ya ukingoni.

Uwe pia na chupa moja ya rangi ya vivuli, ile nyepesi sana inayotiririka kwenye mifereji (Nuln Oil ya Citadel ni ya aina hiyo), praima nyeusi, yaani rangi ya kwanza inayozifanya nyingine zishike, na vanishi ya nusu-mng'ao. Ongeza kisu chembamba, msasa laini wa namba 400 hadi 600, mswaki wa zamani, sabuni ya vyombo, barakoa, na vikombe viwili vya maji.

Kuhusu burashi, nunua namba 2 na namba 1 zenye ncha kali, na utunze moja iliyochakaa kwa kazi ya burashi kavu. Anayeanza hukimbilia namba 000 akidhani mstari mwembamba unataka burashi nyembamba. Burashi hiyo hubeba tone dogo mno la rangi, nalo hukauka kabla halijagusa sanamu, hasa Januari na Februari ambapo hewa ya Nairobi ni kavu na jua ni kali. Ncha ndiyo inayochora mstari. Tumbo la burashi hutunza rangi ibaki majimaji.

Kwa sababu hiyo hiyo, usichanganyie rangi kwenye kisahani kikavu. Chukua kibakuli bapa cha plastiki chenye kifuniko, tandika sifongo nyembamba au karatasi za jikoni zilizoloweshwa, kisha laza juu yake karatasi ya kuokea. Rangi itakayowekwa hapo itabaki hai kwa saa nyingi.

Mwisho ni taa. Mstari wa kijivu juu ya nyeusi haupakwi kwa balbu ya manjano ya sebuleni. Kwenye maduka ya umeme ya Luthuli Avenue jijini Nairobi ulizia balbu ya LED iliyoandikwa 6500K, yaani yenye mwanga mweupe kama wa mchana, uiweke upande wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia.

Hatua za kazi

1. Amua ni weusi gani. Nyeusi yenye bluu ndani yake huonekana baridi na ngumu, na hupendeza kando ya vazi jekundu au dhahabu. Nyeusi yenye kahawia huonekana ya kale, iliyovaliwa safarini, na hukaa vizuri na ngozi, mbao na vumbi. Anayepaka askari wa kihistoria ana sababu ya tatu ya kuzingatia: katika Ulaya ya karne ya 16 deraya nyingi zilitiwa weusi kweli, kwa kupakwa rangi au kwa kuchomewa mafuta juu ya chuma cha moto, jambo lililosaidia kuzuia kutu. Baadhi yake ziliachiwa mikanda ya chuma kilichong'arishwa katikati ya weusi, na wapanda farasi wa Kijerumani waliozivaa wakaitwa Schwarze Reiter, yaani wapanda farasi weusi. Chagua aina moja na uishike kwa kikosi kizima.

2. Safisha sanamu. Kata na kwangua mstari wa kalibu, ule uliobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, kwa mgongo wa kisu, kisha pitisha msasa. Kwenye manyoya mstari huo hujificha, lakini kwenye bamba laini jeusi mwanga utaufuata kutoka bega hadi kiwiko na kila mtu atauona. Sugua sanamu kwa mswaki, maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa ikiwa ni ya rezini au ya madini, maana mafuta ya kalibu huifanya rangi ibanduke baadaye. Iache ikauke kabisa, kisha ibandike juu ya kizibo au kifuniko cha chupa ili usiishike tena kwa vidole.

3. Paka praima. Makopo ya kupuliza yana gesi inayowaka na hayabebwi ovyo ndani ya ndege, ndiyo sababu wengi hapa huishia kutumia praima ya burashi au ile ya magari inayopatikana kwenye maduka ya vipuri kama yale ya Kirinyaga Road. Ya magari inafaa, kwa masharti mawili. Kwanza ijaribu kwenye kipande cha fremu ya plastiki ambayo sanamu ilikatwa kutoka kwake, kwa sababu baadhi yake huyeyusha plastiki laini. Pili, puliza kidogo kidogo: simama sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza kando ya sanamu, pita juu yake haraka, malizia upande wa pili. Mikono mitatu miepesi, yaani tabaka tatu za rangi, ni bora kuliko mmoja mzito unaojaza mifereji na kufuta ribiti, vile vichwa vya misumari ya mabamba. Fanya kazi hii nje au kwenye roshani, ukiwa umevaa barakoa, na uchague saa kavu. Msimu wa mvua za Aprili na Novemba, na asubuhi za Julai zenye manyunyu, subiri hadi adhuhuri au uahirishe. Praima ya burashi haina masharti hayo, ila ipe usiku kucha kabla ya kuigusa.

4. Tafuta mwanga unakoangukia. Weka sanamu chini ya taa moja tu, taa ikiwa juu na mbele kidogo, uipige picha kwa simu. Juu ya praima nyeusi mng'ao utaonekana waziwazi: utosi wa chapeo, sehemu ya juu ya bega, ukingo wa kifua, magoti. Itunze picha hiyo hadi mwisho wa kazi. Mwenye kopo la kijivu anaweza kupuliza ukungu mwepesi kutoka juu, matokeo yakawa yale yale, lakini mara nyingi picha inatosha.

5. Paka rangi ya mwili wa deraya. Rangi hii isiwe nyeusi tupu. Nyeusi tupu haina chini yake. Ukianza nayo, kivuli hakina pa kwenda. Changanya sehemu tatu za nyeusi na moja ya bluu nzito au kahawia nzito, kisha ongeza kijivu kizito kidogo, mpaka tofauti na praima iweze kuonekana kwa shida. Punguza kwa maji ifikie wepesi wa maziwa, futa burashi kwenye karatasi, paka mikono miwili. Acha nyeusi ya praima ionekane katika maungio ya mabamba. Ukiona mkono wa kwanza haujafunika vizuri, usiongeze rangi ikiwa bado mbichi. Itajikunja na kuacha mabonde. Subiri dakika kumi.

6. Ongeza vivuli. Chovya ncha ya burashi katika rangi ya vivuli, uguse maungio, mizunguko ya ribiti na mikunjo peke yake. Kumwagia sanamu nzima ni mazoea yanayofaa kwenye rangi nyingine, lakini juu ya nyeusi huacha madoa yenye kingo na hayaongezi kitu. Tone likikusanyika mahali, lifyonze kwa burashi safi yenye unyevu.

7. Inua sehemu za juu. Chukua mchanganyiko wa hatua ya 5, ongeza kijivu kizito nusu kwa nusu, upake theluthi ya juu ya kila bamba kama picha ilivyoonyesha. Vuta burashi kuelekea mahali pa mwanga, kwa sababu rangi nyingi hubaki pale burashi inapoinuliwa. Kisha rudia kwa rangi yenye kijivu zaidi kwenye eneo dogo zaidi. Hapa mikono inakuwa mingi na myembamba, na usipoona tofauti kubwa baada ya mkono mmoja, hiyo ni dalili njema.

8. Chora kingo. Hii ndiyo hatua inayoamua kama deraya itaonekana au itazama, kwa hiyo itengee muda na usiianze ukiwa umechoka. Kijivu cha kati kiwe na maji kidogo zaidi kuliko rangi za hatua zilizotangulia, kiteleze bila kuvutwa. Ipakie burashi hadi nusu, kisha ivingirishe juu ya karatasi ili ncha ijikusanye na tone la ziada litoke. Usitumie ncha kuchora ukingo kana kwamba unaandika. Laza burashi kwa pembe ya takriban nyuzi 45, upitishe ubavu wake juu ya ukingo wenyewe. Umbo la bamba litakuchorea mstari. Egemeza viganja vyote viwili mezani, ugusanishe mikono miwili kwenye kifundo, na uigeuze sanamu badala ya kuugeuza mkono. Wengine huzuia pumzi. Mimi naona ni afadhali kupumua polepole na kuchora wakati wa kutoa pumzi.

Baada ya mzunguko wa kwanza kingo zote zina mstari mwembamba, na hapo ndipo wengi huacha, wakabaki na sanamu iliyozungushiwa uzi wa kijivu kila upande. Mwanga haufanyi hivyo. Rudi na kijivu kinachokaribia zaidi weupe, upitie kingo zinazotazama juu tu, tena kwa nusu au theluthi ya urefu wake, ukianzia kwenye pembe. Kingo za chini za mabamba, ndani ya kwapa na nyuma ya goti ziachwe na mstari wa kwanza, au zifutwe kabisa kwa nyeusi ikiwa mstari huo unapigia kelele. Usiongeze nyeupe tupu kwenye kijivu. Huleta ukavu wa chaki. Rangi ya mfupa hufanya kazi hiyo vizuri juu ya nyeusi yenye kahawia, na kijivu chenye bluu kidogo juu ya ile ya baridi.

9. Weka nukta za mwanga. Kwenye makutano ya kingo mbili, kwenye ncha ya chapeo na kwenye ribiti chache zilizo juu, gusa mara moja kwa rangi iliyo karibu na nyeupe. Nukta tano au sita kwa sanamu nzima. Zikizidi, jicho halijui litazame wapi.

10. Unganisha kwa utando. Changanya tone moja la nyeusi au bluu nzito na matone sita hadi nane ya maji, futa burashi vizuri, upitishe utando huo mahali ambapo kijivu kizito kinakutana na nyeusi. Mpito utalainika na rangi ya mwili itarudi kuwa nyeusi. Acha kingo na nukta bila kuguswa.

11. Mikwaruzo, ukitaka. Chora mstari mfupi wa kahawia nzito, kisha chini yake kabisa mstari mwembamba wa kijivu cheupe. Jicho litaona bati lililobonyea. Mikwaruzo hukaa magotini, kwenye viwiko, ukingoni mwa ngao na miguuni. Katikati ya kifua cha jemadari huonekana kama uzembe wa mpakaji.

12. Maliza kwa vanishi. Vanishi isiyong'aa kabisa hugeuza nyeusi kuwa kijivu kilichopauka na kufuta kazi ya hatua ya 7. Tumia ya nusu-mng'ao kwa sanamu nzima, halafu, ikiwa una vanishi isiyong'aa ya burashi, ipake kwenye nguo na ngozi peke yake. Bodi na tairi sasa vimetengana. Masharti ya hali ya hewa ya hatua ya 3 yanatumika hapa pia, kwa ukali zaidi.

Njia ya haraka kwa kikosi kizima

Mwenye askari ishirini wa kupaka kabla ya mchezo wa Jumamosi hahitaji hatua zote hizo. Praima nyeusi, kisha burashi kavu: chovya burashi kuukuu katika kijivu kizito, ifute kwenye karatasi hadi ionekane haina kitu, uipitishe kwa wepesi kutoka juu kwenda chini. Rudia kwa kijivu cha kati kwenye chapeo na mabega tu. Maliza kwa mstari mmoja safi ukingoni mwa chapeo na mabega, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Burashi kavu huacha chembechembe kwenye bamba pana, kwa hiyo kiongozi wa kikosi apewe hatua kamili.

Njia nyingine ni ya chuma kilichotiwa weusi. Changanya rangi ya fedha iliyokolea na nyeusi, sehemu moja kwa mbili, paka mwili mzima, mimina rangi ya vivuli (hapa kumwaga kunaruhusiwa, kwa sababu chuma hupokea madoa bila kulalamika), kisha kingo zipate fedha angavu. Ni njia ya haraka na inafaa sana kwa wale wapanda farasi wa Kijerumani. Kasoro yake ni kwamba mng'ao hubadilika kila ukiigeuza sanamu, hivyo huwezi kuamua mwanga ukae wapi. Tumia kikombe tofauti cha maji kwa rangi za chuma. Chembe zake zikiingia kwenye kijivu cha kingo hazitoki.

Mambo yakienda mrama

Deraya imekuwa ya kijivu. Usianze upya. Pitisha utando wa hatua ya 10 mara tatu au nne juu ya maeneo mapana, ukingoja kila mmoja ukauke, kisha rudishia kingo za juu peke yake.

Mstari wa ukingo umekuwa mnene. Ukiwa mbichi, ufute kwa burashi safi yenye maji. Ukikauka, ukate kutoka chini kwa rangi ya mwili. Mstari mnene uliokatwa mara nyingi huwa safi kuliko uliochorwa mwembamba tangu mwanzo, na wapakaji wengi wenye uzoefu hufanya hivyo kwa makusudi.

Rangi inakatika katikati ya mstari. Ama ni nzito, ama imekauka kwenye ncha. Ongeza tone la maji, osha burashi kila baada ya mistari michache, na uondoe feni usoni pa meza.

Kuna chembe chini ya rangi. Ni vumbi. Funika sanamu kwa kopo au kikombe kila unapoacha kazi, hasa kama dirisha linatazama barabara ya vumbi. Chembe iliyokwisha kukauka iondoe kwa ncha ya kisu, laini mahali hapo kwa msasa, upake tena rangi ya mwili.

Vanishi imeacha utando mweupe. Unyevu umenaswa ndani yake, au umepuliza kutoka mbali mno. Ngoja siku kavu, kisha paka kwa burashi mkono mwembamba wa vanishi inayong'aa; mara nyingi weusi hurudi. Ukisharudi na kukauka, funika kwa ya nusu-mng'ao.

Rangi inabanduka ukiigusa. Sanamu haikuoshwa, au ilipakwa kabla praima haijashika. Sanamu ya madini au plastiki ngumu iloweshe katika spiriti ya duka la dawa ndani ya chombo kilichofunikwa, mbali na moto, uisugue kwa mswaki baada ya saa chache. Plastiki nyingine hulainika, na rezini pia, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu au chini ya kitako. Baada ya hapo ioshe kwa sabuni, iache ikauke, na urudi hatua ya 3.